Kwenu mnaouguza wenzi waliosahau: msiwabishie

Wanangu, na ninyi wadogo zangu tunaokaribiana umri,

Mume wangu huamka saa kumi alfajiri kutafuta sare yake ya reli. Amestaafu tangu 1996. Mwanzoni nilikuwa nikimwambia, "Baba Rehema, kazi uliacha zamani," na nyumba inawaka moto, kwa sababu kwake habari ile ilikuwa mpya kila alfajiri. Ni kama anafukuzwa kazi leo. Siku hizi namuuliza, "Leo unakwenda Kigoma au Mwanza?" Huanza kunihesabia vituo: Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora. Haruki hata kimoja, na jina la mjukuu anayeishi naye halijui. Daktari alisema ugonjwa huu wa kusahau, unaoitwa Alzheimer, huanza kula pale ubongo unapoweka mambo mapya. Ya zamani huchelewa kuguswa. Basi tunaishi huko kwenye ya zamani. Chai ikichemka, sare imeshasahaulika.

Atakuita mwizi. Hela anazificha mwenyewe (zangu nilizikuta kwenye pipa la mchele), kisha anakushuku wewe. Usijitetee. Sema, "Hebu tuzitafute," mtafute pamoja. Mawifi zangu walisema amerogwa, tukala mbuzi wawili kwa mganga. Lakini mama mmoja Mjerumani ambaye Dakta Alois Alzheimer alisimulia ugonjwa wake mwaka 1906 naye alianza hivyohivyo, akimtuhumu mumewe kwamba ana mwanamke. Na mumewe, nilicheka niliposikia, alikuwa karani wa reli.

Akibadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, akaweweseka au akalala kutwa, msiseme ni ugonjwa uleule. Mpelekeni apimwe mkojo na malaria. Wangu ilikuwa maambukizi ya mkojo. Dawa za wiki moja zikamrudisha alipokuwa.

Na watoto muwaambie, kwa kinywa, siku gani waje wakae naye mkalale. Mimi nilijifanya naweza peke yangu hadi presha ikaniangusha jikoni.

Jua likielekea kuzama ndipo anapotaka sana kutoka. Komeo nimelihamishia chini kabisa ya mlango, hatazami huko. Namba yangu ya simu nimeidarizi ndani ya kola ya kila shati lake. Ndiyo iliyomrudisha nyumbani siku alipokutwa stesheni, amekaa kwenye benchi, anangoja zamu yake.

Mama Rehema