Usilichokonoe Shimo

Rehema shoga yangu,

Barua zote nilizowahi kukuandikia zimeanza na "mimi mzima wa afya njema". Hii siwezi. Upande wa kulia ni mzima, upande wa kushoto bado una maneno yake.

Najua ulinipigia mara tatu wiki iliyopita sikupokea, ukanitumia ule ujumbe wako wa "haya, endelea kuringa". Siringi, mwenzangu. Sikuwa na mdomo. Ulikuwepo, ila ulikuwa haufunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja, na nikijaribu kusema nasikika kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Leo ni siku ya kumi na moja tangu ning'olewe magego. Vidole viwili vinaingia vikisimamishwa kimoja juu ya kingine. Daktari wangu anasema mtu mzima anatakiwa aingize vitatu, kwa hiyo bado nadaiwa kidole. Nimeona nikuandikie kabla tarehe yako ya kung'olewa haijafika, maana watu niliowauliza mimi kabla sijaenda walinipa majibu mawili tu: "utakiona cha moto" na "hata hutasikia". Wote walinidanganya.

La kwangu unalijua, lile gego la mwisho la chini kushoto lililokuwa likinivimbisha ufizi kila baada ya miezi michache. Nilipoonyeshwa picha ya eksirei nilicheka. Magego mengine yamesimama wima kama askari kwenye gwaride, lenyewe limelala ubavu, limemwegemea jirani yake kama abiria aliyesinzia kwenye basi. Ufizi ulikuwa umelifunika nusu, chakula kinaingia chini ya ule mfuniko, hakitoki, panaoza. Magego haya ya mwisho yanaota mtu akiwa na miaka 17 hadi 25 hivi, ndiyo maana yakaitwa meno ya akili. La kwangu naona lilisubiri akili ije, likachoka, likalala. Daktari akasema tuling'oe pamoja na la juu yake, kwa kuwa la juu litabaki halina mwenzake wa kutafuna naye.

Siku yenyewe sitakuchosha nayo. Sindano za ganzi zinauma kama sindano, halafu basi. La juu lilitoka kabla sijamaliza kuogopa. La chini ilibidi wapasue ufizi, wachonge mfupa kidogo, walikate jino vipande ndipo litoke, kisha wakanishona. Maumivu hakuna, unasikia kusukumwa tu. Kilichonitesa ni sauti, maana inapita ndani ya mfupa na sikio halina pa kujificha.

Nikarudi nyumbani na pamba mdomoni na kiburi cha ajabu. Nilitumia watu ujumbe: "Nimemaliza, sisikii kitu!" Ni kweli sikusikia kitu, ganzi ilikuwa haijaisha! Niliambiwa nimeze dawa ya maumivu kabla haijaisha, nikasema nisubiri kwanza nione kama kweli nitaumwa. Baada ya saa nne hivi nikaona. Wewe usijaribu ushujaa huo, meza mapema. Mimi niliandikiwa parasetamoli na ibuprofeni, nikakatazwa aspirini kwa sababu inaifanya damu ichelewe kuganda. Ila wewe una vidonda vya tumbo, na ibuprofeni haipatani na tumbo la namna hiyo. Mwambie daktari mwenyewe, usisubiri akuulize. Na kama bado unatumia vile vidonge vya uzazi wa mpango, mtajie pia. Nitakwambia sababu.

Ile pamba uiume kwa nguvu nusu saa nzima bila kuitoa kutazama. Mimi kila dakika tano nilikuwa naitoa nione damu imeisha au la, na kila nikiitoa ndiyo naianzisha upya. Usitishike na mate mekundu pia. Tone moja la damu likichanganyika na mate linafanya kinywa kizima kionekane machinjio. Kama ni damu inayochuruzika kweli, unauma pamba nyingine safi iliyoloweshwa kidogo, umekaa umetulia. Ikikataa kusimama hata hivyo, ndipo unapiga simu. Usiku lalia mito miwili, kichwa kiwe juu. Foronya iwe ile usiyoipenda.

Sasa uvimbe. Nilidhani siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, zinazofuata ni kushuka tu. Asubuhi ya pili nilikuwa nimevimba kuliko nilivyolala, na ya tatu nilijitazama kwenye kioo nikamwona mtu aliyeficha limau shavuni. Barafu niliifunga kwenye kitambaa, dakika 20 naiweka, 20 naiondoa, siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo nikahamia kitambaa cha uvuguvugu, taya likaanza kulegea. Nilitoka na alama ya manjano hadi shingoni, mwanangu akaniuliza nani amenipiga.

Huyo mwanangu, kwa njia, ndiye aliyekaa kando yangu siku ya pili akila bisi, moja moja, kwa utulivu, mimi nikiwa na kijiko na mtindi. Mtindi, viazi vilivyopondwa, mayai laini, supu iliyopoa: ukifika siku ya sita utachukia kila kitu kisichotafunwa. Lakini bisi zisahau kwa muda mrefu, lile ganda lake jembamba likiingia kwenye shimo unalo. Na usinywe kitu kwa mrija. Sigara nayo, najua umesema umeacha na mimi nimesema nimekuamini, basi siku hizo ziwe ushahidi.

Nilichotaka hasa kukuandikia ni hiki kinachofuata.

Siku ya nne niliamka vizuri. Uvimbe umepungua, nimekula yai zima, nimefua. Na mtu akipata nafuu anaanza udadisi. Nikaenda bafuni, nikawasha tochi ya simu, nikavuta shavu kwa mkia wa kijiko cha chai, nikachungulia. Rehema, kule nyuma kuna shimo! Nilikuwa najua lipo, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Ndani yake nikaona kitu cheupe chenye umanjano, laini, kimetandaa kama utando wa maziwa. Nikasema moyoni, huu ni usaha, au ni kiazi cha jana, vyovyote vile hakitakiwi kuwa hapa.

Nilikuwa nimeelezwa kusukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, kuanzia siku ya pili. Na nilielezwa namna ya kusukutua: unajaza maji, unainamisha kichwa huku na huku, unafungua mdomo yaanguke yenyewe kwenye sinki. Usiteme. Mimi siku hiyo nilisukutua kama ninayesuuza sufuria, nikatema kwa nguvu zote, nikatazama, kile kitu bado kipo. Ndipo nikachukua (usicheke) kijiti cha masikio, kile chenye pamba ncha zote mbili, nikaanza kuchokonoa. Kilitoka. Nikajipongeza.

Saa nane za usiku niliamshwa na maumivu ambayo hayakuwa ya jino wala ya ufizi. Yalikuwa ya sikio. Yalianzia tayani, yakapanda hadi sikioni, yakazunguka kichogoni, yanapiga kwa mpigo wa moyo. Na mdomoni ladha mbaya, kama nimelaza sarafu chini ya ulimi. Dawa za maumivu nilizimeza zikapita kama maji. Nilikaa kitandani hadi kukakucha, nimeshika shavu, namlaani yule aliyeniambia "hata hutasikia".

Daktari alitazama sekunde tatu tu. Akasema shimo limekauka. Damu inayoganda mle ndani, kumbe, ndiyo bandeji. Inafunika mfupa na mishipa ya fahamu, na chini yake nyama mpya inaanza kujijenga. Ule utando mweupe nilioudhani usaha ulikuwa kidonda kinapona. Bandeji ikitoka, mfupa unabaki uchi, kila kinachopita kinaugusa, mate, hewa, chai. Usaha wa kweli, akasema, hauji peke yake: utaona homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, shida ya kumeza. Hayo ukiyaona nenda siku hiyohiyo, na ukishindwa kupumua vizuri usisubiri hata dakika.

Akaosha shimo taratibu kwa bomba la sindano, akashindilia kijitambaa kilicholowa dawa inayonukia karafuu. Sijawahi kuipenda harufu ya karafuu kama siku ile. Kabla sijafika nyumbani maumivu yalikuwa yameshuka kutoka kupiga ngoma hadi kunong'ona, na mimi nikawa nalia njiani, safari hii kwa raha. Nilirudi mara mbili nyingine kubadilishiwa.

Nilimuuliza kama ni mimi niliyejiharibia. Akasema huenda, na huenda hiyo bandeji ya damu ingetoka hata bila mimi, kwa sababu magego ya chini yaliyotolewa kwa kuchonga mfupa ndiyo yanayopatwa zaidi, wavutaji wa sigara pia, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Alikuwa anaongea kwa upole. Lakini mimi naujua mkono wangu na naujua ule mchokonoo.

Wazee wanasema jino la pembe si dawa ya pengo. Katika haya ya kwetu, pengo lenyewe ndiyo dawa, kazi ni kuliacha bila kuligusa. Ufizi unajifunga wiki tatu au nne, mfupa chini yake unachukua miezi kujaa. Hakuna unachoweza kufanya mle ndani cha kuharakisha. Hata lile bomba dogo la kuoshea masalia ya chakula mimi nilipewa baada ya wiki, nikaonyeshwa kulitumia mbele ya kioo.

Kuna jambo moja bado halijaisha, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Pembe ya mdomo wangu wa chini upande wa kushoto, pamoja na kipande cha kidevu, bado kina ganzi. Juzi supu ilinichuruzika hadi kwenye blauzi sina habari, mwanangu ndiye aliyeniambia. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, karibu sana na mizizi ya hayo magego, na wa kwangu ulisumbuliwa kidogo. Daktari alikuwa ameniambia kabla kwamba inaweza kutokea, nikatia sahihi bila kusikiliza. Wengi wanarudi sawa baada ya wiki au miezi, wachache sana hawarudi kabisa. Tangu jana nasikia kama siafu wanatembea pale, naye amefurahi kusikia hivyo kuliko mimi. Wewe ukienda, mwambie akuonyeshe kwenye picha mshipa wako unapita wapi na mizizi yako inaishia wapi, ndipo utie sahihi.

Nyuzi zinayeyuka zenyewe. Siku ya tisa niliokota moja kwenye ulimi, nyeusi, ina fundo, nikadhani nimekula nywele.

Leo nimekula wali, kwa upande wa kulia, polepole, nikiwatazama wote mezani kama niliyeshinda kesi. Kupiga miayo bado ni adhabu, kwa hiyo nikikupigia simu usinisimulie habari za shemeji yako.

Niandikie ukishajua saa, nije nikae nawe. Nitaleta barafu na mto wa pili. Mtindi nunua mwenyewe, mimi sitaki kuuona. Na vijiti vya masikio vyote vya nyumba hiyo vitafutie mahali pa juu kabla hujatoka, kwa sababu siku ya nne utavikumbuka.

Akupendaye,
Mariamu