Mheshimiwa Waziri, Tumeni Mtu Agonge Mlango Ule

Kwako Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote, na uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Barua nilizopitisha kwa njia ya kawaida zina mihuri mizuri sana ya "imepokelewa". Ninazo zote kwenye faili. Kilichonishinda safari hii ni redio: juzi nimemsikia kiongozi mmoja akisema wasichana wa Kenya waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na sasa wanalia ni wale waliopitia njia za panya, na kwamba waliopitia ofisi halali wako salama salimini.

Binti yangu hakupitia njia ya panya. Alipitia kwa ajenti mwenye leseni iliyotundikwa ukutani, pembeni mwa picha ya Rais. Alipimwa afya, akachukuliwa alama za vidole, akapewa cheti cha mafunzo ambako walimfunza mashine ya kufulia na kuitikia "hadhir, madam". Mkataba ulisema riyal 900 kwa mwezi, nyumba moja, siku moja ya kupumzika kila wiki. Mimi mwenyewe nilitia sahihi kama shahidi.

Alipofika Riyadh, pasipoti ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Nyumba moja ikawa tatu: asubuhi kwa madam, alasiri kwa mamake madam, na Ijumaa, ambayo ndiyo ingekuwa siku yake, kwa dadake madam. Mshahara ulikuja miezi miwili, kisha ukakatika. Katika sauti ya mwisho aliyonitumia ananong'ona. Nadhani alikuwa chooni, maana nasikia maji yakichuruzika. Anasema ameungua mkono kwa mafuta ya sambusa na amepaka dawa ya meno. "Baba, hospitali wanataka iqama, na iqama anayo yeye." Iqama ndiyo kibali cha kuishi kule, na yeye ni madam. Tangu hapo kila ninachomtumia kinabaki tiki moja.

Nikarudi kwa ajenti. Bila haya akaniambia kule walishamlipia, kwa hiyo akitaka kurudi kabla ya miaka 2 kwisha, nitafute shilingi 250,000. Mheshimiwa, hiyo ni ajira ya namna gani, ambayo mtu analipiwa kabla hajapanda ndege kama mbuzi wa mnada, na hatoki mpaka bei irudishwe? Mimi fundi cherehani, hizo laki mbili u nusu nitazishonea wapi?

Nimeisoma sheria, maana cherehani haimzuii mtu kusoma. Ile Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inasema mwenye hatia afungwe si chini ya miaka 30, au alipe faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Inasema pia kwamba ridhaa ya mtu si kitu ikiwa alihadaiwa. Basi tusiambiwe tena "walikubali wenyewe". Mwanangu alikubali nyumba moja na mshahara. Hizo nyumba mbili nyingine nani alimuuliza?

Najua nitajibiwa kwamba sheria za Saudia si zenu. Kweli. Kule mfanyakazi yuko chini ya kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, na mageuzi ya Machi 2021, yaliyowapunguzia wafanyakazi wa kampuni minyororo hiyo, yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Lakini haya mliyajua. Serikali ilisimamisha safari hizi mwaka 2014, ikazifungulia tena mwaka 2017 kwa ahadi kwamba ajenti watachujwa. Mwaka 2021 kamati ya Bunge ikaelezwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika mwaka 2020 na 2021, na vifo vingi vimeandikwa kuwa moyo ulisimama. Mioyo ya wasichana ambao daktari aliwapima na kuwapasisha kabla hawajaondoka! Na safari zikaendelea.

Kwa nini ajenti hawaguswi? Watu mtaani husema kampuni hizi zina wakubwa nyuma yake. Mimi sina ushahidi, ila naona yule ajenti anavyonijibu, kama mtu asiyemwogopa yeyote. Au labda ni zile fedha za ughaibuni mnazozisifia kila mara, kwamba zinainua uchumi. Kwangu hazijainua kitu.

Sikuombi tume, Mheshimiwa, wala semina. Sikuombi hata ufunge ofisi ya yule bwana, ingawa jana asubuhi nimepita pale nikaona wasichana wengine wamepanga foleni na bahasha zao za kaki. Naomba jambo moja. Lokesheni aliyonitumia mwanangu nimeiambatanisha kwenye kila barua. Ubalozi wetu uko Riyadh, mji huo huo. Mtu apande gari, aende, agonge mlango, aombe kumwona msichana kwa macho yake. Asiambiwe na madam mlangoni kwamba yuko salama, amelala. Auangalie ule mkono. Aulize pasipoti iko wapi na kibali cha kutoka kitaandikwa lini. Halafu anipigie mimi, saa yoyote, hata usiku wa manane.

Agonge wiki hii, Mheshimiwa, si baada ya kikao. Nambari yangu iko kwenye faili lenu, juu kabisa, karibu na muhuri.

Wako mtiifu, bado,

Baba wa msichana
Fundi cherehani, Likoni, Mombasa