Makumbi yaoshwe chumvi kwanza

Mhariri,

Makala yenu ya bustani za ndani ilishauri kupanda miche kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, moja kwa moja kutoka kwenye mfuko. Naomba mrekebishe. Nilifanya hivyohivyo, miche yangu 20 ya pilipili ikafa.

Ninaishi Hamburg, ambako Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa nane, kwa hiyo miche huishi kwa taa. Ya kwanza niliuziwa na jirani anayelima bangi. Tangu Aprili 1, 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima mimea mitatu nyumbani. Ilikuwa taa ya sodiamu ya wati 400. Niliitundika shubiri moja juu ya miche, na kufikia jioni majani ya juu yalikuwa yamejikunja, kingo zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Sasa natumia ya LED, na kila siku naweka kiganja usawa wa majani. Kikihisi joto kali, naipandisha.

Lakini makumbi ndiyo yaliyoniuma zaidi. Mimi mzaliwa wa Jambiani, Zanzibar. Nimemwona bibi akifukia makumbi ufukweni, maji ya bahari yakiyaozesha, apate usumba wa kusokota kamba. Ilikuwaje nisahau kwamba yanabeba chumvi? Yaloweke, yakamue, mwaga maji, rudia mara tatu. Kisha tumia mbolea yenye kalsiamu, kwa sababu makumbi huinyakua kabla mizizi haijaipata.

Mama Salma,
Hamburg, Ujerumani