Dola 10 za "kubonyeza menyu"

"Fundi amebonyeza menyu mara mbili, amekula dola 10 zangu." Ndivyo mteja mmoja alivyotuandika kwenye kundi la wapiga picha wa harusi hapa Lubumbashi, na wenzake wakamwagia vikatuni vya kucheka. Sikujibu kundini, ubishi wa kundini hauishi. Lakini lawama hii hurudi kila msimu wa harusi, kwa hiyo naiweka hapa, ili anayeleta aparei yake, yaani kamera, dukani kwetu kutengenezwa aje akijua analipia nini.

Ndugu yetu huyo ana Canon 6D. Jioni anachaji betri mpaka taa ya chaja inatulia kijani, anaitia kwenye kamera, anazima, anafunga begi. Asubuhi akifika kwenye ndoa ya komini, ile ya serikali, betri iko nusu. Akanunua nyingine, mambo yakawa yaleyale. Akanunua ya tatu. Fundi mmoja mjini akamwambia ubao wa ndani una shoti, na bei aliyomtajia ilikaribia bei ya 6D nyingine ya mtumba. Ndipo akaja kwetu.

Kamera ile ina GPS ndani, na GPS yake ukishaiwasha haizimiki pamoja na kamera. Wewe umelala, swichi umeizima, yenyewe inaendelea kutafuta satelaiti. Kwa hiyo ni kweli, dawa ilikuwa kuingia kwenye menyu na kuizima. Ila kabla ya kidole kugusa menyu, tulitia betri yetu tunayoiamini, tukafuta vibati vya ndani vinavyogusana na betri, tukakagua swichi ya kifuniko cha betri, tukapima kwa mita umeme unaovutwa kamera ikiwa imezimwa. Kisha tukazima GPS na kuiacha kamera ilale dukani. Kama ubao ungekuwa na shoti, betri ingeshuka tu, GPS au hakuna GPS. Asubuhi chaji ilikuwa pale tulipoiacha. Dola 10 ni za kazi hiyo. Betri alizonunua kwa kubahatisha zilimla zaidi, na hizo hakuziandika kundini.

Tuseme kidogo kuhusu hizo betri zenyewe, maana nilizishika mkononi. Umbo ni la LP-E6, betri ya kamera hiyo, lebo inang'aa, imeandikwa 3000 mAh, yaani kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Canon wenyewe wanaandika 1800 kwenye LP-E6, 1865 kwenye LP-E6N na 2130 kwenye LP-E6NH. Mtu wa Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, anayekuuzia 3000 katika boksi lilelile, kwa robo ya bei, amepata wapi nafasi ya kuzipachika? Ishike hiyo mkono huu, shika ya kampuni mkono ule. Mara nyingi uzito peke yake unakujibu. Sisemi kila betri isiyo na jina la Canon au Nikon ni takataka. Tunauza pia za kampuni nyingine, tulizozijaribu sisi wenyewe, na ndiyo maana bei yetu iko juu ya bei ya barabarani. Mteja akiniambia "kule ni nusu ya bei", huwa namwambia aende kule, lakini aniletee risiti yake siku itakapovimba na kukwama ndani ya kamera. Kuitoa betri iliyovimba bila kuvunja kifuniko ni kazi ya subira, na tunaitoza.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaliamini mpaka niwaonyeshe mezani. Kamera inaonyesha betri imejaa, unapiga picha mbili na flashi, inazimika. Unangoja dakika chache, unaiwasha, imejaa tena. Mteja anasema kamera ina pepo. Betri iliyochoka iko kama mzee aliyekaa kitini: ukimtazama ni mzima, mwambie apande ngazi ndipo utajua. Ikiwa imepumzika volti zake zinasomeka vizuri. Flashi ikianza kujijaza au kile kioo cha ndani ya kamera kikiinuka, umeme mwingi unavutwa kwa mara moja, volti zinaanguka, kamera inajifunga. Hapo hakuna cha kutengeneza kwenye kamera. Kuna kamera zinazokuambia zenyewe: Canon 7D na 5D Mark II zina ukurasa wa habari za betri wenye vipande vitatu vya kijani, na ukiona chekundu, betri hiyo imestaafu. Nikon D90 na D7000 zinatoa namba kutoka 0 mpaka 4. 0 ni mpya, 4 ni ya kutupa. Ukinunua mtumba, omba uonyeshwe ukurasa huo kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu chaja, ile ya kubana yenye pini mbili za kusogeza, inayouzwa soko la komini ya Kenya hapa mjini pamoja na vifuniko vya simu, ni ya betri za simu. Betri ya simu ina seli moja na inajaa ikifika volti 4.2. Betri ya volti 7.2 ya kamera kubwa ina seli mbili zilizofuatana, na mpaka ijae inataka 8.4. Unaiacha usiku kucha, taa zinacheza rangi, asubuhi hamna kitu. Ubaya zaidi ni zile pini: zinakwaruza vibati, mtu anaona vimechafuka, anachukua msasa. Jamani, msasa! Ile rangi ya dhahabu juu ya kibati ndiyo inayokizuia kushika kutu. Ukiikwangua, wiki ya kwanza kamera itawaka vizuri na utajisifu, baada ya hapo ni taabu. Vibati vya betri hufutwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na tone la alkoholi safi. Ukikosa alkoholi, gomu ya shule ya kufutia penseli, taratibu, kisha upulize vumbi lake kabla ya kurudisha betri.

Na SNEL, kampuni yetu ya umeme, tunaijua sote. Chaja nyingi za kamera zinakubali volti 100 mpaka 240, na umeme ukirudi kwa kishindo unapita hapo. Chomoa chaja umeme ukikatika, ngoja urudi na utulie. Jenereta nayo, usichomeke kitu mpaka injini iache kukohoa.

Sasa kichungulio, kile kitundu unachowekea jicho. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Mama mmoja wa Likasi, mpiga picha mwenye mikono mizuri kweli, alikuja na kamera akilia kwamba fokasi imekufa. Kila akichungulia anaona ukungu. Alikuwa ameshauza lenzi yake kwa bei ya kutupa, akanunua nyingine, ukungu ukabaki palepale. Nikamwomba anionyeshe picha alizopiga siku hizo: kope za bibi harusi zinahesabika moja moja. Kando ya kichungulio, upande wa kulia, kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na macho ya mtu. Mjukuu alikuwa amekichezea. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, usitazame ukuta, tazama vile vialama na namba zilizo ndani ya kichungulio, zungusha mpaka zikae wazi. Kwa kazi hiyo sikumtoza kitu. Lakini lenzi yake ya kwanza ilishakwenda.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: picha kwenye kadi iko wazi, kichungulio kina ukungu, zungusha kigurudumu. Vyote viwili vina ukungu, leta.

Madoa meusi nayo yana hesabu yake. Kwenye kamera yenye kioo, doa unaloliona kichunguliani lakini halitokei kwenye picha haliko kwenye sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha. Liko juu, kwenye kile kipande chembamba cha plastiki ambacho kioo kinakitupia picha, au kwenye kioo chenyewe. Linaudhi, haliharibu picha hata moja. Doa linalotokea kwenye picha, tena mahali palepale kila mara, hilo ndilo la sensa, na hilo kichungulio hakiwezi kukuonyesha. Kiangazi hapa kwetu vumbi jekundu linaingia kila kona, ukibadilisha lenzi nje kule Ruashi utalipata tu. Lipulize kwa kipulizio cha mpira, kamera ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usiende kwa mziba pancha kuomba hewa ya mashine yake: hewa ile ina mafuta na maji, nimeona kioo kilichorudi kutoka huko kina matone ya manjano.

Na usifute. Kijana wa Katuba aliona doa dogo, akachukua pamba na dawa ya dada yake ya kutolea rangi ya kucha. Nilipokitoa kile kipande na kukiweka chini ya taa, katikati plastiki ilikuwa imeyeyuka na kufanya ukungu mweupe, na nyuzi za pamba zimegandia ndani yake. Doa lenyewe bado lilikuwepo, pembeni, mzima wa afya. Alilipa kipande kipya, akangoja kifike, akakosa harusi. Kioo nacho kimepakwa tabaka la kung'aa upande wa mbele, si nyuma kama kioo cha kunyolea, kwa hiyo kila unapofuta kwa shati unafuta kioo chenyewe.

Wenye Nikon D90 na D7000, na wenye Canon 7D, nawasihi mnisikilize. Ukitoa betri, kichungulio kinakuwa giza, kama kimepakwa moshi. Ndivyo zilivyotengenezwa. Ndani ya kichungulio kuna skrini nyembamba inayochora mistari na alama, na inahitaji umeme kidogo ili ikae angavu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekubali kuuza D7000 kwa nusu ya bei kwa sababu mnunuzi alichungulia kamera haina betri, akamwambia prisma, kile kipande cha juu kinachopeleka picha jichoni, imeoza. Alipita kwetu kuuliza bei ya prisma. Nikatia betri, nikamwambia achungulie. Akaondoka na kamera yake bila hata kuaga, na mimi sikumlaumu.

Wenye zile mpya zisizo na kioo, skrini ya nyuma ikizimika ghafla, tazameni kwanza kile kitundu kidogo kilicho karibu na kichungulio. Kinahisi jicho. Mkanda au vumbi likikifunika, kamera inadhani unachungulia, inahamishia picha huko.

Bei zetu: kukagua ni dola 5, na tukiendelea na kazi zinahesabiwa ndani yake. Kamera ikilala dukani kwa kipimo, dola 10. Tunakuambia kabla hatujafungua skrubu yoyote, na ukikataa unachukua kamera yako ilivyo. Ukija, usisafishe kitu kwanza. Njoo na betri zote, hata zile unazozionea haya, na chaja unayoitumia kweli nyumbani, na kadi yenye picha za mwisho. Na tafadhali msituletee Jumamosi asubuhi kamera inayotakiwa kwenye harusi mchana. Leteni Jumatatu.