Kabla hujaugusa ukurasa wa idara

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lamu hatujambo, ila nyanyako kikohozi hakijamwacha. Uliniuliza kama kuna ubaya mtumishi wa serikali kuhariri Wikipedia akiwa kazini, maana mkubwa wako anataka ukurasa wa idara “usafishwe”. Kwa simu nilikujibu mkato.

Ukikuta wamekosea mwaka ambao mji wetu uliingia Urithi wa Dunia, ukaandika 2001, hilo si kosa. Lakini watu hawatazami sana umebadilisha nini. Wanatazama mkono umetoka wapi. Mwaka 2014 kule Marekani kulikuwa na programu iliyotangaza Twitter kila badiliko lililofanywa bila kujisajili kutoka kompyuta za Bunge. Mengi yalikuwa madogo tu. Walipotokea wa kutia uzushi, Wikipedia iliifungia siku 10 anwani ya mtandao iliyotumiwa na wengi katika Baraza la Wawakilishi la Bunge hilo, na asiye na hatia akafungiwa nao.

Ya Uingereza, yaliyofichuka mwaka huohuo, yaliniuma zaidi. Kutoka mtandao wa serikali zilikuwa zimeandikwa kwenye Wikipedia kejeli juu ya maafa ya Hillsborough ya 1989, yaliyoua mashabiki wa Liverpool. Mtumishi mmoja alifukuzwa kazi. Sasa fikiria mzazi aliyezika mwanawe, asome yale, aambiwe yametoka kwenye kompyuta za serikali. Utamwambia nini? Kwamba ni kijana mmoja tu? Kwake yeye, serikali ndiyo iliyosema.

Na hapa kwetu watu wana sababu ya kushuku. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wewe ukifuta sentensi ya lawama juu ya mradi wa serikali, hata iwe ya uongo, barazani watasema mnaficha. Nami nitakuwa nimekaa palepale, sina la kujibu.

Basi, mambo ya idara yako usiyahariri mwenyewe. Nenda ukurasa wa majadiliano, taja unakofanya kazi, weka chanzo, omba mwingine arekebishe. Masharti ya Wikipedia tangu 2014 yanamtaka anayelipwa kuhariri amtaje anayemlipa, na mshahara ni malipo. Mkubwa wako akiona njia hiyo ni ndefu, mwonyeshe historia ya ukurasa: kila badiliko limo, na saa yake.

Jioni, kwa jina lako, andika ya majahazi na ya Maulidi upendavyo. Wikipedia ya Kiswahili ina nafasi tele. Akishakujibu huyo mkubwa wako, nipigie baada ya isha.

Babako