Barua kwa mwanangu: Mapipa sita

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka London. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Miguu tu ndiyo inayouma, na sababu yake nitakueleza.

Uliniuliza mbona kila Jumanne usiku simu yangu inaita tu haipokelewi, ukadhani nimeongeza zamu kazini. La, mwanangu. Saa hizo nipo ukumbi wa mtaa, nimesimama katikati ya mapipa sita ya mafuta, napiga muziki.

Ni ngoma za chuma za Trinidad, kile kisiwa cha Karibiani. Hazigongwi ovyo kama madebe ya watoto. Kitako cha pipa hufuliwa kwa nyundo mpaka kibonyee kama karai, kikapitishwa motoni, kisha fundi hukaa nacho, anagonga kidogo, anatega sikio, anagonga tena, hadi kila sehemu itoe sauti yake. Ngoma ndogo inayobeba wimbo ni pipa moja lililokatwa fupi. Mimi napiga besi. Besi hutaka mapipa yenye urefu wake, na kila pipa lina sauti tatu tu, kwa hiyo sauti zangu zote 18 zimenizunguka: mbele, ubavuni, nyingine karibu na mgongo. Kuifuata sauti lazima nigeuke mwili mzima. Saa mbili za kugeuka hivyo, miguu itaachaje kuuma?

Hatusomi noti. Anayetufundisha ni mzee mzaliwa wa Trinidad. Anakuja, anachukua vijiti vyangu vyenye mpira nchani, anapiga kipande kifupi, ananirudishia bila kusema neno. Nikikosea anapiga tena. Mwezi wa kwanza kila wimbo ukifika katikati nilikuwa nimeshapotea, nikataka kuacha. Mzee akaniambia niache kupiga, niimbe kwanza sauti zangu kwa mdomo. Nikaziimba jikoni, kwenye basi, na asubuhi nikimwogesha bibi ninayemtunza kazini. Siku hizi yule bibi, ambaye jina langu hulisahau, besi yangu anaiitikia.

Mzee huyu ndiye aliyenisimulia mambo ya kwao. Miaka ya 1880 serikali ya Waingereza iliwabana kwa sheria wasipige ngoma za ngozi. Wakakata mianzi, mirefu kwa mifupi, wakaitwanga chini ikalia. Kufika miaka ya 1930 wakaanza kugonga makopo ya biskuti na vifuniko vya mapipa ya taka, na baada ya Vita Vikuu vya Pili wakawa na pipa la mafuta lenyewe. Waliitwa wahuni, polisi wakawakimbiza mitaani. Mwaka 1951 kikundi chao, TASPO, kikaletwa hapa London kupiga kwenye Tamasha la Uingereza. Mmoja wao, Sterling Betancourt, akabaki. Mwaka 1966 yeye na Mtrinidad mwenzake, mwanamuziki Russell Henderson, walitembea wakipiga katika mitaa ya Notting Hill, hapa hapa London, watu wakawafuata, na kanivali ya mitaani ikaanzia hapo. Bibi yako alikuwa akisema debe tupu haliachi kuvuma, na alisema kwa dharau. Laiti angesikia mapipa matupu thelathini yakianza kwa pigo moja! Kifua chako kinaitika kabla ya sikio.

Unajua nilivyoishi tangu baba yako atutoke. Kazini, nyumbani, kitandani. Jirani tunayetenganishwa naye na ukuta tu, mpaka leo simjui jina. Kule ukumbini nikichelewa dakika tano nawasikia tangu mlangoni: "Besi yuko wapi?" Kuna dereva wa basi, kuna nesi, kuna kijana wa miaka 13 anayenibebea kiti bila kuombwa. Wimbo hauanzi mpaka nimeshika vijiti. Sijui nikueleze vipi, mwanangu, ila mwenye kungojwa hulala vizuri.

Mwisho wa Agosti tutapanda lori la kanivali, Jumapili na Jumatatu. Mjukuu wangu asilale mapema Jumatatu hiyo, nitamwomba mtu atupige video niwatumie. Macho yenu yatakimbilia mbele kwa watoto wenye ngoma ndogo, maana vijiti vyao huruka haswa. Nitafuteni nyuma kabisa, upande wa kushoto. Nitakuwa nimejifunga ile kanga ya njano uliyonipa uwanja wa ndege.

Mama yako