Kifauwongo hakina ubongo, lakini kinajua kuzoea

Mhariri,

Siku hizi mazungumzo ya akili bandia yamejaa kila kona ya jiji, na kila akili inapotajwa watu hushika kichwa. Sisi tunaofundisha baiolojia tunaomba walimu wenzetu wa sekondari za Dar es Salaam wawape wanafunzi mfano mwingine wa kujifunza, usio na ubongo, tena usio na gharama: kifauwongo, kile kimea cha miiba midogo kinachoota kwenye nyasi za viwanja.

Ukikigusa, ishara ya umeme hupita katika tishu hadi kwenye vifundo vilivyo chini ya vijani. Hapo ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za potasiamu na kloridi hutoka katika seli za upande mmoja, maji huzifuata, seli hunywea na jani hujikunja. Neva hakina hata moja. Hata hivyo, katika karne ya 19 mwanasayansi Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha kwamba mvuke wa etha, uliokuwa ukiwatia wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji, hukizuia kifauwongo kujikunja.

Mwaka 2014 mwanasayansi Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio la kuidondosha mimea hii kutoka kimo cha sentimita 15. Mwanzo ilijikunja. Ilipodondoshwa tena na tena bila kuumia, ikaacha.

Jaribio hili linafanyika darasani. Chimbua kimea pamoja na udongo wake, ukipande kwenye kopo lililotobolewa chini, kisha ukiache mahali penye mwanga hadi kizoee kopo. Wiki moja kwa kawaida inatosha. Mwagilia jioni ya kuamkia jaribio, maana chenye kiu hulegea na utadhani kimejikunja. Fanya saa nne asubuhi, kwa kuwa usiku hujifunga chenyewe, na uzime feni. Tandika kipande cha sponji ya godoro, inua kopo sentimita 15, liachie litue wima. Subiri sekunde 5, rudia, hadi mara 60. Usipime jani kwa kuligusa! Simamisha rula nyuma yake na urekodi kwa simu, upana wake usomwe baadaye kwenye video. Kopo la pili, lenye kimea kingine, likae pembeni bila kudondoshwa, liwe la kulinganishia.

Kosa linaloharibu kazi yote huja mwishoni. Majani yakibaki wazi, darasa hushangilia na kufunga daftari, kumbe huenda mmea umechoka tu. Hapo hapo litikise kopo kwa mkono, kushoto na kulia, kwa sekunde 5. Yakijikunja, nguvu bado ipo: mmea umeacha kujibu mdondoko ule, si kwamba umeshindwa. Yasipojikunja, huenda ni uchovu na matokeo hayo hayahesabiwi.

Wapo wanasayansi wanaokataa kuiita hali hii kujifunza. Sisi tunaona neno hilo linafaa, ingawa hatusemi kifauwongo kinawaza. Na si mimea tu. Mwaka 2013 Tal Shomrat na Michael Levin, katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwazoesha minyoo bapa wa planaria kula kwenye sakafu yenye mikwaruzo, kisha wakawakata vichwa. Vichwa vipya vilipoota, pamoja na ubongo mpya, minyoo hao walihitaji kukumbushwa kidogo tu ili waanze kula hapo upesi kuliko wale ambao hawakuwahi kuzoeshwa. Kitu fulani kilibaki katika kiwiliwili. Mwili wa mwanafunzi mwenyewe hufanya kazi ya jamii hiyo: seli kumbukumbu za kinga humtambua adui aliyeletwa na chanjo miaka mingi iliyopita.

Makopo yasitupwe baada ya kipindi. Gagliano aliirudia baadhi ya mimea baada ya siku 28 na kuikuta bado haijali mdondoko. Darasa lililotunza video za siku ya kwanza litaweza kulinganisha upana wa majani yale yale.

Walimu wa baiolojia,
Dar es Salaam